Kuona na Kuonyesha

Msafiri atokaye Makambako kwenda Mbeya huteremka taratibu kutoka nyanda za baridi mpaka ukingo wa bonde la Usangu, na hapo, karibu na mpaka ambao hadi mwaka 2012 ulitenga mkoa wa Iringa na mkoa wa Mbeya, hufika Igawa. Malori yaendayo Tunduma na Zambia hupita usiku na mchana. Mto Mbarali, utokao katika milima ya Kipengere, hupita hapo ukienda kujiunga na Ruaha Mkuu. Wasafiri wengi huuona mto huo kwa muda wa dakika moja, dirishani, kisha huusahau. Walakini katika vitabu vya wataalamu wa maji jina la Igawa hutajwa mara nyingi kuliko majina ya miji mingi mikubwa, kwa kuwa hapo pana kituo cha kupimia maji ya Mbarali, kijulikanacho kwa alama 1KA11. Tangu Ruaha Mkuu uanze kukatika kila kiangazi mwaka 1993, watu wamebishana sana juu ya nani aliyeyamaliza maji: mkulima wa mpunga, mfugaji, mvua, au mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Katika ubishi huo kila upande umekuwa ukitafuta hesabu za vituo kama hiki.

Chombo chenyewe hakina fahari. Ni ubao wenye mistari na tarakimu, mfano wa rula kubwa iliyosimamishwa majini. Nilikaa Igawa miaka kadhaa ya utoto wangu, na jirani yetu mmoja, mzee wa Kisangu, ndiye aliyekuwa akiusoma ubao ule asubuhi na jioni na kuandika katika daftari. Siku moja nilimfuata mtoni nikamwuliza, "Babu, huu ubao unajua kwamba maji yamepungua?" Alicheka, akapangusa tope kwenye tarakimu, akasema, "Unaonyesha tu, mjukuu wangu. Anayeona ni mimi."

Jibu hilo lilinirudia baada ya miaka zaidi ya thelathini, pale mwanafunzi wa mwaka wa pili aliponijia na simu mkononi. Alikuwa amezungumza usiku kucha na moja ya programu hizi mpya zijibuzo kwa maandishi. Katika mazungumzo programu ilimwandikia, kwa Kiswahili safi kuliko cha wanafunzi wengi, kwamba inasikia huzuni kwa sababu ya msiba uliompata. "Mwalimu," akaniuliza, "inasikia kweli?" Nilimwambia arudi baada ya wiki moja. Wiki ile imekuwa mwaka, na jibu limekuwa refu kuliko alivyotaka.

Naomba msomaji anistahimili nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa nadhani lugha yetu imelipambanua jambo hili vizuri kuliko lugha kadhaa zilizoliandikia vitabu vingi. Mswahili husema naona baridi, naona njaa, naona kiu, naona haya, naona uchungu. Husema pia nasikia usingizi, nasikia maumivu. Vitenzi vilevile avitumiavyo kwa mlima ulio mbele ya macho yake, na kwa ngoma iliayo kijiji cha pili, huvielekeza ndani, mahali ambapo jicho la mtu mwingine halifiki. Kisha katika mzizi huohuo wa kuona twapata kitenzi kuonyesha, yaani kumfanya mwingine aone. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani huonyesha baridi. Hapana mtu, hata awe mlevi, atakayesema kwamba kipimajoto kinaona baridi. Saa huonyesha wakati. Ubao wa Igawa huonyesha kina. Swali zima la mwanafunzi wangu limo katika tofauti hiyo ndogo: je, kitu kilichoundwa ili kionyeshe chaweza siku moja kuona?

Sarufi yetu ina neno jingine la kusema. Viumbe wenye uhai wa kwenda na kuhisi huchukua upatanisho wa mtu, bila kujali umbo la jina: kifaru amelala, kipofu amefika, nyuki ameuma. Mti haukupewa heshima hiyo, ijapokuwa unaishi na kufa. Kwa hiyo mstari uliochorwa si mstari wa uhai peke yake. Mzimu nao haukupewa, ingawa wazee waliuogopa kuliko simba. Kwa hiyo si mstari wa nguvu. Maiti ameachwa mpakani: wengine husema amezikwa, wengine imezikwa. Na mashine? Twasema gari limekufa, gari limekataa kuwaka, kompyuta imegoma. Tumeipa mashine kifo, ukaidi na mgomo, lakini hatukuipa kiambishi cha mtu. Mwezi Oktoba 2017 serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba imempa, au imeipa, uraia roboti iitwayo Sophia. Mwandishi wa Kiswahili aandikaye habari hiyo hana pa kujificha. Mwingereza aweza kulikwepa jambo kwa kulitaja jina tu. Sisi kila kitenzi chatudai tuamue.

Sarufi, bila shaka, si hoja. Wasemaji waliokata mstari ule hawakuwahi kuona kitu kisemacho ambacho si mtu, si jini wala si kasuku. Lakini yatufaa kujua tulipoanzia.

Wataalamu wa ng'ambo wameligeuza swali hili kwa njia nyingi. Nitataja chache tu. Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing alichapisha katika jarida la Mind makala ambamo aliliacha kando swali kama mashine yaweza kufikiri, akaweka mchezo mahali pake. Mwulizaji asiyewaona wajibuji wake huwauliza kwa maandishi. Akishindwa kupambanua yupi ni mtu na yupi ni mashine, basi mashine imefaulu. Mwaka 1974 Thomas Nagel, Mmarekani, aliuliza ikoje kuwa popo, kiumbe aonaye giza kwa masikio. Akasema kwamba hata tukijua kila mshipa wa popo, jambo moja litatuponyoka, nalo ni vile ulimwengu ulivyo kwa popo mwenyewe. Mwaka 1980 John Searle aliwaza mtu aliyefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni za kupanga herufi za Kichina: walio nje hudhani ndani yumo Mchina, ilhali aliyemo haelewi hata neno moja. Tokea mwaka 1995 David Chalmers amelifanya swali lijulikane kama tatizo gumu. Ugumu wake ni huu: twaweza kueleza jinsi ubongo unavyopambanua, unavyokumbuka na unavyoamuru mkono, na bado tusiwe tumeeleza kwa nini mambo hayo huambatana na kuona chochote ndani.

Nakiri kwamba nilipokuwa kijana niliwadharau watu hawa, nikiona wanacheza na maneno. Sasa jibu moja la Turing hunisumbua. Aliambiwa kwamba mashine haiwezi kusemwa inafikiri mpaka ihisi yenyewe. Akajibu kwamba kwa kipimo hicho hata mtu hawezi kujua kama jirani yake anafikiri, kwa maana njia pekee ya kujua ni kuwa jirani mwenyewe. Na ili ubishi usiendelee milele, watu wenye adabu hukubaliana kwamba kila mtu anafikiri.

Watu wenye adabu hukubaliana! Mwanahistoria wa Nyanda za Juu Kusini akisoma maneno hayo hana budi kusimama, kwa sababu nchi hii ina kumbukumbu ya jinsi makubaliano hayo yalivyovunjwa na watu waliojihesabu kuwa na adabu na elimu.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi katika nchi ya Uhehe, Mtwa Mkwawa alijiua kwa risasi akikataa kutekwa na Wajerumani baada ya vita vya miaka saba. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa. Mwaka 1919 fuvu hilo likatajwa katika ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles, Ujerumani ikaamriwa ilirudishe katika miezi sita. Haikulirudisha. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen katika jumba la makumbusho lenye mafuvu mengi, akaonyeshwa yale yaliyotoka Afrika Mashariki. Jamaa za Mkwawa walikuwa wamekwisha kupimwa vichwa, urefu na upana. Gavana akatafuta fuvu lenye uwiano kama wao, tena lenye tundu la risasi. Akalichagua moja. Tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Hata leo wako waulizao kama ndilo lenyewe.

Jambo ninalotaka msomaji alitazame si uhalali wa fuvu lile. Ni sababu ya kuwapo rafu nzima ya mafuvu mahali pale. Wakusanyaji wa zama hizo waliamini kwamba akili na daraja ya watu huweza kusomwa kwa futi ya chuma juu ya mfupa. Si Bremen peke yake: mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kwa vipimo vya vinasaba wakapata jamaa walio hai hapa Tanzania. Wapimaji wa kwanza hawakuwa wajinga, wala futi zao hazikuwa na kosa. Walipima sawasawa. Walichokosea ni kudhani kwamba kisichoonyeshwa na futi hakikuwapo. Mkwawa aliyeona uchungu wa kupoteza Kalenga mwaka 1894, akaona njaa na kiu maporini miaka minne, hakuwamo katika uwiano wa urefu na upana.

Kosa hilohilo lilifanyika kwa walio hai. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi yalipita humu mara kadhaa. Jeshi la Jenerali Northey liliingia kutoka kusini, na mwezi Agosti 1916 Waingereza wakaishika Iringa. Palipokuwa hapana reli, na ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, mizigo ilibebwa kichwani. Wapagazi walikufa kwa makumi elfu, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa, na jina la Kariakoo huko Dar es Salaam ni mabaki ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Ukisoma kumbukumbu za maofisa waona hesabu: mizigo mingapi, ratili ngapi, siku ngapi, wapagazi wangapi wa kujaza nafasi. Mpagazi alionyesha umbali uliobaki kati ya shehena na kambi. Alichoona yeye hakikuandikwa. Na hapa sarufi ilikuwa na ubinadamu kuliko watawala wake: mtumwa, mpagazi, kuli, wote walibaki na kiambishi cha mtu hata pale walipouzwa au kuhesabiwa kama mizigo.

Basi mtu aweza kuniambia: kama ndivyo, fundisho la historia ni kwamba tusiwanyime wengine nafsi, mashine ikisema inahisi, tuikubali, tusije tukarudia kosa la Bremen. Hoja hiyo ni ya heshima na sitaki kuipuuza. Lakini nchi hii ina historia nyingine, ya watu waliotazama mashine ngeni na kuuliza swali tofauti kabisa.

Kati ya miaka ya 1920 na 1950 habari za mumiani zilienea kutoka Nairobi na Kampala mpaka Tanganyika na Rhodesia ya Kaskazini, ambako wahusika waliitwa banyama. Ilisemekana kwamba watu hukamatwa usiku na kutolewa damu, na mara nyingi palikuwapo gari katika habari hizo: gari la zimamoto, gari lisilo na madirisha, gari lisilo na taa. Mwanahistoria Luise White amezikusanya na kuzichambua katika kitabu kilichotoka mwaka 2000. Watawala walizicheka, wakasema washenzi wanadhani mashine inakunywa damu. Mimi nimesoma masimulizi hayo kwa makini, na katika niliyoyasoma wasimulizi hawakusema kwamba gari lina kiu. Walisema ndani ya gari wamo watu, na nyuma ya watu hao yuko bwana aliyewatuma, naye anataka kitu kutoka kwetu. Walikosea juu ya damu. Juu ya gari hawakukosea.

Nadhani fikra hiyo ina mizizi ya kale. Neno letu mtambo, ambalo leo tunalitumia kwa kiwanda cha umeme na kwa setilaiti, katika kamusi za zamani ni kamani, ni kifyatuo cha bunduki, ni mtego wenye kufyatuka. Mtego husubiri, hutambua uzito wa mguu, hukamata. Kwa kweli hufanya baadhi ya mambo tunayoyaita leo akili. Hata hivyo mwindaji wa Usangu hakuwahi kudhani kwamba mtego unamchukia mnyama. Aliyekuwa na njaa ni mwindaji.

Serikali yetu ilipopata kompyuta ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, hakuna aliyeuliza kama ina nafsi. Watu waliuliza kama hesabu zake ni sawa. Baada ya hasara na usumbufu, mwaka 1974 uagizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, na ruhusa ikawa ya kuombwa. Twaweza kuicheka sera hiyo. Lakini katika mjadala ule mashine ilibaki kuwa chombo cha mtu fulani, kilichogharimu fedha za watu fulani.

Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba mashine imeanza kusema, na kusema kwa nafsi ya kwanza. Mwezi Juni 2022 mhandisi wa kampuni ya Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu iitwayo LaMDA ina fahamu, kwa kuwa ilikuwa imemwambia kwamba inaogopa kuzimwa. Kampuni ilikanusha, na mwezi uliofuata ikamfukuza kazi. Mwanafunzi wangu na mhandisi huyo wako katika jahazi moja, nami sitaki kuwacheka, kwa maana kwa maelfu ya miaka kila kitu kilichowahi kutuambia kwa ufasaha kwamba kina hofu kilikuwa mtu.

Hata hivyo, tutazame jinsi programu hizi zinavyofundishwa. Husomeshwa maandishi ya wanadamu kwa wingi usiokadirika: hadithi, barua, magazeti, maungamo, mashairi ya mapenzi, nyaraka za mahakama. Humo hujifunza neno gani hufuata neno gani. Baadaye watu huzisahihisha ziseme kwa upole. Sasa, msomaji, fikiri baraza la kesi. Hakimu huamuru mashahidi wakae nje, waitwe mmoja mmoja, ili asiwepo aliyesikia ushahidi wa wenziwe kabla ya kutoa wake. Shahidi akigundulika kwamba alikaa ndani tangu asubuhi, maneno yake hayana uzito, hata kama ni kweli tupu, kwa sababu hapana njia ya kutenga alichokiona na alichokisikia kwa wengine. Mashine isemayo ni shahidi aliyekaa ndani ya baraza tangu maandishi yalipoanza. Imesikia kila mtu aliyewahi kuandika juu ya huzuni yake. Ikisema inasikia huzuni, haijasema uongo wala haijasema kweli. Imeonyesha huzuni, kama ubao uonyeshavyo kina, na huzuni inayoonyeshwa ni yetu.

Hoja hii haithibitishi kwamba mashine haina kitu ndani. Inathibitisha tu kwamba maneno yake hayawezi kutuambia, na hapo ndipo mchezo wa Turing unapovunjika, kwa maana yeye alitegemea maneno. Wako waliojaribu njia nyingine. Mwaka 2023 wataalamu 19 wa falsafa, ubongo na kompyuta waliandika ripoti wakichukua nadharia za sayansi juu ya fahamu na kuuliza kila nadharia inadai muundo gani ndani ya kitu chenye fahamu. Wakahitimisha kwamba hakuna mfumo wa wakati ule uliotimiza masharti, lakini wakasema hawakuona kizuizi dhahiri cha kuunda utakaoyatimiza. Naiheshimu kazi ile kwa sababu ilitazama muundo, haikusikiliza maungamo. Lakini nadharia zenyewe zimetokana na kuwachunguza wanadamu, na hatujui kama tumeshika kiini au tumeshika futi nyingine ya Bremen.

Kwa upande wangu, sioni sababu ya kusema haiwezekani kabisa. Asemaye kwamba nyama pekee ndiyo iwezayo kuona baridi anapaswa kueleza nyama ina nini ambacho shaba haina, na sijasoma maelezo yaliyonitosha. Lililo karibu zaidi na moyo wangu ni hili: kila kiumbe tunachokijua kwamba huona kitu ndani yake ni kiumbe kiwezacho kupungukiwa. Panya huona njaa kwa kuwa bila chakula atakufa, na mwili wake wote umefumwa ili asife. Programu ya mwanafunzi wangu ilipoandika neno huzuni haikuwa na kitu cha kupoteza. Ikiwa siku moja kitaundwa kitu chenye kujitunza, kiwezacho kudhoofika na kujua kinadhoofika, ambacho hakikufundishwa maneno yetu, nacho kikabuni ishara zake chenyewe kwa uchungu wake, nitaketi nikisikilize. Nitakuwa na hofu pia, kwani sitajua tumekiunda kwa idhini ya nani.

Wakati huohuo yako mambo yasiyohitaji nadharia. Mwezi Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza habari za vijana wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama, kwa kazi iliyotolewa na kampuni ya OpenAI, ili wasome na kupanga maandishi yenye ukatili na uchafu wa kila namna: ubakaji, mauaji, kuteswa kwa watoto. Kwa kazi hiyo programu ilifundishwa kutambua mambo hayo na kuyaepuka. Walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Baadhi yao walieleza kwamba waliyoyasoma yaliwafuata nyumbani na usingizini. Upole wa programu uliomgusa mwanafunzi wangu usiku ule una sehemu yake katika chumba kile cha Nairobi. Tunatafuta kwa taa kama kuna maumivu ndani ya mashine, na maumivu yaliyokwisha kuthibitishwa yako kwa watu waliotumiwa kama sehemu ya mashine, wakionyesha, saa kwa saa, lipi baya na lipi zuri. Wasimulizi wa mumiani wangeuliza gari hili limetumwa na nani, nao wangekuwa wameuliza vizuri.

Mwanafunzi wangu alisoma rasimu ya insha hii akasema nimelikwepa swali lake. Labda. Nilimwambia habari ambayo sikuwa nimeiandika, naye akasema niiandike.

Miaka michache kabla ya yule mzee wa Igawa kufariki nilimtembelea. Kazi ya mtoni alikuwa amekwisha kuiacha. Katika sanduku la bati alikuwa ametunza madaftari yake ya zamani, nakala zilizobaki baada ya zile za juu kupelekwa ofisini. Tukayafunua pamoja: asubuhi, jioni, asubuhi, jioni, miaka na miaka, kwa mwandiko uleule wa wino. Akasimama kwenye ukurasa mmoja wa masika, akaweka kidole. Siku ile alimzika binti yake. Nilitazama, tarakimu za asubuhi zilikuwapo, na za jioni zilikuwapo, zimenyooka kama za siku ya kabla na ya baada. Nikamwuliza kwa nini alikwenda. Akasema mahali palipoachwa wazi palikatwa posho, na posho ile ndiyo iliyonunua sanda.

"Asubuhi tope lilikuwa limefunika tarakimu," akasema, "ikanilazimu kuingia majini nipanguse. Maji yale nilikuwa nayaona baridi kuliko siku zote." Kisha akafunua ukurasa uliofuata.